Mashine Nyuma ya Kufuli: Kisa cha Jengo Moja Arusha

Mzee wa duka la vitambaa alianguka saa 1:38 usiku, Jumatano, wakati anavuta mlango wa chuma wa duka lake chini ya jengo la ghorofa nne katikati ya jiji la Arusha. Ghorofa mbili juu yake kulikuwa na mashine ya kushtua moyo, ile ambayo kwenye boksi lake huandikwa AED. Betri ilikuwa imejaa na pedi zake, zile zinazobandikwa kifuani kwa mgonjwa, zilikuwa ndani ya muda wake. Ilimfikia saa 1:52. Ilipobandikwa kifuani ikapima, ikasema hakuna mshtuko wa kutoa. Mzee alifika hospitali akiwa amekwisha kufariki. Kesho yake jengo zima likawa na habari moja: mashine ilikuwa mbovu.

Habari hiyo ndiyo iliyoitisha kikao cha wapangaji, na ndiyo iliyonileta mezani kwao, maana kazi yangu ni kufundisha huduma ya kwanza maofisini. Walikuwa na swali moja tu: kampuni iliyoinunua idai fedha zake kwa muuzaji, au la? Swali hilo lilijibika upesi. Yaliyotuweka kikaoni hadi jioni yalikuwa mengine. Jengo na wahusika sitawataja.

Kwanza mpangilio wa jengo, kwa sababu bila huo kisa hakieleweki. Chini kuna duka la vitambaa, duka la dawa, wakala wa kutuma na kutoa fedha, na saluni. Ghorofa ya kwanza ni ofisi ya wakili na daktari wa meno. Ya pili yote ni kampuni ya utalii inayopeleka wageni Serengeti na kupandisha Kilimanjaro. Ya tatu ni ukumbi unaokodishwa kwa mazoezi ya kwaya na vikao vya harusi. Ya nne haina mtu. Mwenye jengo haishi Arusha. Ana msimamizi anayekusanya kodi. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi anabaki mlinzi mmoja, mwenye meza, kiti, tochi na daftari.

Saa zinazofuata hapa tulizipata kwa kulinganisha kamera iliyo juu ya meza ya mlinzi, simu zilizopigwa usiku ule, na kumbukumbu ya mashine yenyewe. Saa ya kamera ilikuwa inakimbia mbele, tukairekebisha kwa kutumia simu ya mlinzi.

Mzee alipoanguka, mikono na miguu ilitikisika kidogo. Dada wa wakala akapiga kelele: "Kifafa hicho, msimguse!" Watu wakarudi nyuma. Moyo ukisimama ghafla ubongo hukosa damu, na mwili unaweza kutikisika kwa muda mfupi mfano wa degedege. Baada ya hapo mtu anaweza kukoroma au kutweta kwa vipindi, pumzi moja sasa na nyingine baadaye sana, na anayetazama akaamini bado anapumua. Ishara hizo mbili zimedanganya watu wengi, na hapa zilidanganya zote. Halafu kuna ile imani yetu ya zamani kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Hayaambukizi, hajawahi kuambukizwa mtu kifafa kwa mate, lakini katika kundi la watu zaidi ya kumi hakuna aliyesogea. Mtu mmoja alimpepea kwa kofia. Mwingine alimmwagia maji ya chupa kifuani. Maji hayo yatarudi baadaye.

Saa 1:42 kwaya ilisikia kelele, na mwanafunzi wa uuguzi akashuka mbio. Alimtikisa mzee mabegani, akamwita, akatazama kifua, akapiga magoti.

"Mbona anakoroma, si mzima huyo?" mtu akauliza.

"Hapumui huyu, baba. Nipisheni."

Akaanza kukandamiza kifua. Alifanya kama inavyotakiwa: katikati ya kifua, kushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kirudi juu kila mara. Alikuwa peke yake. Kazi hiyo humchosha mtu mwenye nguvu ndani ya dakika mbili, ndiyo maana wanaojua hubadilishana. Hakuna aliyejitokeza kumpokea.

Huku anakandamiza akauliza kama humo ndani kuna mashine ya moyo. Mlinzi alisema hajawahi kuiona. Aliyejibu ni dada wa usafi, aliyekuwa bado kwenye ngazi na ndoo yake: "Ipo kwa watu wa utalii. Lile boksi la kijani lenye moyo na radi. Nalifuta vumbi kila siku." Mtu pekee kwenye jengo aliyejua ilipo mashine alikuwa hana ufunguo, na mwenye funguo hakujua kama mashine ipo.

Funguo za akiba za ofisi zote zilikuwa kwenye droo ya mlinzi, ndani ya bahasha ya kaki iliyogundishwa na kusainiwa na msimamizi. Maagizo yalikuwa wazi kabisa: ifunguliwe moto ukitokea, na kwa ruhusa. Mlinzi akapiga simu.

"Bosi, kuna mzee ameanguka hapa chini, wanataka ufunguo wa ghorofa ya pili."

"Kuna moto?"

"Hakuna moto bosi, ni mzee wa vitambaa."

"Ngoja nimuulize mwenye ofisi."

Sitaki kumcheka msimamizi. Ofisi hiyo ina pasipoti za wageni na fedha za kigeni, na mlinzi aliyepita alifukuzwa kwa kufungua mlango bila ruhusa. Msimamizi alifuata utaratibu, na utaratibu ulichukua dakika mbili na nusu. Ofisi ilifunguliwa saa 1:48. Mashine ilikuwa ndani ya kabati la vifaa vya mlimani, kati ya mahema na mitungi ya oksijeni, na kabati lilikuwa na kufuli lake. Dereva wa bodaboda alilivunja kwa spana.

Wakati hayo yanaendelea juu, chini wazee wawili walikuwa wameamua. "Tunapoteza muda, abebwe apelekwe hospitali ya Mount Meru." Wakamnyanyua hadi kibarazani, kwenye Noah ya jirani, ambayo ilikuwa imezibwa na gari jingine. Mwanafunzi aliwasihi wamlaze chini. Walipomlaza, kifua kilikuwa hakijakandamizwa kwa dakika tatu nzima. Hapa ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko ile ya kufuli, ingawa kikaoni hakuna aliyependa kuligusa, kwa sababu wale wazee walikuwepo na walikuwa marafiki wa marehemu wa miaka mingi. Kumkimbiza mgonjwa kwenye gari ni jambo tulilozoea, na kwa ajali au uchungu wa uzazi ni jambo la maana. Kwa moyo uliosimama, gari lisilo na mtu wa kukandamiza kifua ndani yake linabeba maiti. Makandamizo ya mikono ya mtu ndiyo yanayopeleka damu kwenye ubongo, na ukiyakata, yale machache uliyokusanya yanapotea.

Mashine iliwashwa saa 1:52. Pedi hazikushika, kifua kilikuwa kimelowa yale maji. Mashine ikasema kwa Kiingereza pedi zikaguliwe, mwanafunzi akamfuta mzee kwa kitambaa, akabandika upya: moja chini ya mfupa wa mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Saa 1:54 ikapima. Hakuna mshtuko. Endelea kukandamiza.

Sasa lile swali la kikao. Mashine hizi huhifadhi ndani yake mchoro wa umeme wa moyo na saa ya kila tukio. Tuliutoa na daktari mmoja akausoma: mstari ulionyooka. Moyo wa mzee, saa 1:54, haukuwa na umeme wowote wa kushtua. Mashine ilikuwa nzima na ilitoa jibu sahihi.

Wapangaji waliona hapo nawazungusha. Kwenye filamu mtu akinyooka mstari, daktari anasugua vyuma viwili, mgonjwa anaruka na kuamka. Hilo ndilo tunaloliamini, nami naelewa. Lakini mashine haiwashi moyo uliozima. Katika visa vingi vya moyo kusimama ghafla, hasa vinavyotokana na shambulio la moyo, moyo mwanzoni hauzimi. Unatetemeka ovyo, kila sehemu kivyake, bila kusukuma damu. Mshtuko wa umeme huukatisha mtetemo huo wote kwa pamoja ili mapigo ya kawaida yapate nafasi ya kushika tena. Mtetemo haudumu. Moyo unapokosa damu unaishiwa nguvu, mtetemo unafifia, mwisho unakuwa mstari. Kwa mtu asiyekandamizwa wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Kukandamiza kifua hupunguza kasi ya kushuka huko. Mashine ya jengo hili ilifika dakika ya 14 na kupima dakika ya 16, na kati ya hizo, dakika saba zilipita bila mkono wa mtu.

Wakili wa ghorofa ya kwanza, ambaye kwa kazi yake hakubali kitu kirahisi, aliniuliza kama kuna mahali popote ambapo jambo hili limefanyika na watu wakapona, au ni maneno ya wauza vifaa. Lipo, na mfano wenyewe ni wa kamari. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya kumbi za kamari za Marekani ambako walinzi walifundishwa kutumia mashine hizi. Watu 105 walikutwa na ule mtetemo. Asilimia 53 kati yao waliruhusiwa kutoka hospitali wakiwa hai. Walioshtuliwa ndani ya dakika tatu tangu kuanguka, asilimia 74 walipona. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49. Walioshika mashine hizo walikuwa walinzi wa ukumbi, watu wa zamu, ambao kazi yao ya kila siku ni kuangalia nani kaibiwa na nani kalewa.

Nikamuongezea Chicago. Viwanja vya ndege vya jiji hilo viliweka mashine ukutani kuanzia mwaka 1999, mahali pa wazi, zikipishana mwendo wa dakika moja au moja na nusu kwa hatua za haraka. Katika miaka miwili watu 18 walikutwa na mtetemo na 11 kati yao waliokolewa. Baadhi ya waliowaokoa walikuwa wasafiri waliopita tu, ambao hawakuwahi kufundishwa mashine hiyo.

Mfano unaotuhusu zaidi ni Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa sababu ni wa milango iliyofungwa. Watafiti walihesabu mashine 552 zilizokuwa mjini humo wakakuta chini ya moja ya kumi ndizo zinazofikika saa 24. Nyingine zote zililala ndani ya ofisi na shule zilizofungwa jioni na mwisho wa wiki, saa ambazo mioyo haikuacha kusimama. Jiji tajiri, mashine mamia, na tatizo lao ni lile la bahasha yetu ya kaki.

Kwa hiyo maoni yangu kwa kikao yalikuwa haya: mashine ihamie kwenye meza ya mlinzi. Isiwe kwenye ofisi ya mapokezi yenye kiyoyozi ya ghorofa ya kwanza, kama alivyopendekeza daktari wa meno, wala kwenye duka la dawa, ambalo hufungwa saa 2 usiku. Kwenye jengo la kupangisha mlango mmoja tu haufungwi, na mtu mmoja tu yupo macho muda wote. Huyo ndiye mwenye mashine, hata kama risiti ina jina la mwingine.

Hapo kikao kikachemka. Hoja ya kwanza ilikuwa wizi, na nisiwe mnafiki, ina uzito. Kitu cha milioni kadhaa kinakaa mezani katikati ya mji. Mwenye saluni alisema wazi kitauzwa soko la Kilombero kabla ya Jumapili. Kuna mambo mawili. Kimoja, mashine hii haina matumizi mengine. Haichaji simu, haichezi muziki, na fundi wa vitu vya umeme akiifungua hakuti spea ya redio. Cha pili, mlinzi tayari hukabidhiwa tochi, rungu, redio ya mawasiliano na funguo, na kila zamu huandika kwenye daftari la matukio: nimepokea, nimekabidhi. Mashine iandikwe humo humo. Mashine hizi zina taa ndogo au alama ya hali: ikiwa kijani iko tayari, ikianza kulia au ikionyesha nyekundu ina tatizo. Mlinzi aandike "taa kijani" kila anapopokea zamu. Kwa mstari huo mmoja kwa siku, ulinzi na ukaguzi vinafanyika kwa pamoja, na hakuna mtu mpya wa kulipwa.

Mwenye duka la dawa akauliza umeme ukikatika inakuwaje. Haiguswi na TANESCO. Inatumia betri yake, ambayo kwa aina nyingi hukaa miaka minne au mitano ikiwa haijatumika. Msimamizi alipendekeza boksi lenye kufuli na ufunguo awe nao mlinzi. Nilikataa, na wakili akaniunga mkono kwa ukali kuliko mimi. Boksi linalopiga king'ora likifunguliwa linatosha. Anayefungua kwa nia njema ataita watu kwa king'ora hicho hicho, na mwizi hapendi kelele.

Wakili ndiye aliyegusa jambo ambalo mimi sikulitegemea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae huduma ya kwanza kwa watu wake. Humu ndani kuna waajiri kadhaa, kila mmoja na kiboksi chake chenye bandeji na spiriti. Mzee alianguka koridoni. Koridoni kwa nani? Mpangaji anasema kwake kunaishia mlangoni, mwenye jengo anasema anayekusanya wateja pale ni mpangaji. Kwa upande wa moto suala hilo lilikwisha kutatuliwa: mitungi ya zimamoto iko kila ghorofa, ukutani, bila kufuli, ina stika ya ukaguzi, na inalipiwa kwenye ada ya huduma za jengo, kwa sababu Zimamoto wakija kukagua wanamtafuta mwenye jengo na hawana habari na koridoni ni kwa nani. Mashine ya moyo haina mkaguzi anayebisha hodi, ndiyo maana iliweza kukaa kabatini na mahema bila mtu kuuliza.

Kampuni ya utalii nayo ilikuwa na hoja. Waliinunua kwa ajili ya wageni. Msimu wa kupanda, kuanzia Juni, mashine inaondoka na kundi. Hii nayo inastahili kuangaliwa kwa jicho la biashara. Aina kadhaa za mashine hizi zimethibitishwa na watengenezaji kufanya kazi kati ya nyuzijoto 0 na 50, na hadi mwinuko wa mita 4,500 hivi. Kambi ya Barafu kule Kilimanjaro iko juu ya hapo, na usiku wake uko chini ya sifuri. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Na ndani ya gari lililofungwa madirisha mchana wa Tarangire, joto linaweza kupita kiwango na pedi kukauka gundi kabla ya tarehe yake. Sikuwaambia waache kuibeba. Niliwaambia wasome kitabu chake, maana inawezekana wanabeba kilo mbili za matumaini kutoka mahali inapofanya kazi hadi mahali isipothibitishwa. Tulikubaliana hivi: ikitoka, isainiwe kwenye daftari la mlinzi, na wiki hizo mlinzi ajue kabisa kwamba hana mashine, ana mikono tu.

Na mikono ndiyo niliyoipa siku yangu. Kama jengo la jirani lingeniuliza leo linunue mashine au lifundishe watu, na fedha ni za kimoja, ningesema lifundishe: walinzi wa zamu zote, dada wa usafi, mtu mmoja kila ofisi. Mashine bila wa kukandamiza kifua haiokoi mtu. Lakini jengo hili halikuwa na uchaguzi huo. Lilikuwa na mashine tayari, na kuishusha ghorofa mbili hakugharimu shilingi. Mazoezi tuliyafanya palepale koridoni, mlinzi wa usiku akiwa wa kwanza. Alishika haraka kuliko wakili. Kisha tukapima: mtu anaanguka mlango wa duka la vitambaa, mlinzi anashika boksi, anafika, anavua shati la mdoli wa mazoezi, anafuta, anabandika. Mara ya kwanza dakika mbili kasoro kidogo, akiwa anahema. Sauti ya Kiingereza haikumsumbua tulipoandika hatua nne kwa Kiswahili kwenye karatasi ngumu na kuibandika ndani ya kifuniko: washa, vua na futa kifua, bandika kama picha, kila mtu aache kumgusa. Kitufe cha mshtuko kinawaka chenyewe, na mashine haikubali kutoa umeme isipokuta mtetemo, kwa hiyo ile hofu ya "nikimuua je, polisi wataniuliza" ilipungua usoni mwake. Mtu aliyelala pale, moyo wake hausukumi damu. Hakuna zaidi cha kumharibia.

Bahasha ya kaki nayo ilibadilishwa maneno. Sasa inasema moto au mtu kuanguka, na ruhusa inaombwa baada ya kufungua.

Limebaki moja. Pedi hutumika mara moja tu, na zile za usiku ule zimekwisha kazi hata kama hazikutoa mshtuko. Mpya zinaagizwa Dar es Salaam. Mwenye duka la dawa amelipa kwa niaba ya wote, anadai wenzake mgawo wao, na hadi tunaandika haya saluni na kampuni ya utalii hawajatoa. Pedi zikifika, tarehe yake ya kuisha itaandikwa kwenye jalada la daftari la mlinzi kwa kalamu nyekundu, pamoja na jina la mpangaji atakayelipia zinazofuata.